Mgeni wa Kadi ya Dhahabu

Binti anayekagua kadi kwenye chumba cha abiria wa heshima humtambua kwa kicheko kabla hajamwona. Mfanyabiashara huyu wa vitambaa hupanda ndege za shirika lao kila wiki, na kadi yake ya dhahabu, anayoipangusa kwanza kwenye mkono wa gauni, humruhusu kuingia na mgeni mmoja. Mgeni mwenyewe humwokota palepale uwanjani, yeyote aliyechoka. Leo kaja na bibi aliyevimba miguu.

“Shangazi, kadi yako wameishusha daraja. Sasa anaingia mmoja tu.”

“Safari zote zile, shukrani ndiyo hii?” Akacheka, akamsogeza bibi mlangoni. “Basi mmoja ndiye huyu. Bibi, chai iko kushoto, jimiminie!”

Binti akatazama dari, kana kwamba hajaona aliyeingia. Nyuma ya kioo bibi aliinua kikombe. Naye mwenye kadi, kakalia begi lake nje, akainua chupa ya maji, anacheka mpaka foleni nzima ikageuka.