Kamba ya Mama Pande Mbili

Ukitaka kumuudhi Mama Pande Mbili, mwambie "wanasema". Mwambie tu, "Mama, wanasema mafuta yatapanda bei," kisha kaa chonjo. Atakutazama juu ya miwani yake iliyofungwa uzi mguu mmoja, na atakuuliza, "Akina nani?" Ukigugumia, umekwisha. "Hao wanasema hawana majina? Walikuwa wapi yalipotokea? Nenda kawaulize ndipo urudi hapa, usinijaze upepo masikioni."

Yeye ni muuza magazeti. Amekaa miaka nenda rudi kwenye baraza ya duka la dawa, kona ya stendi ya mabasi, na duka lake zima ni stuli, mwavuli uliochanika na kamba. Kamba imefungwa kwenye nondo za dirisha upande mmoja, na upande mwingine kwenye nguzo ya taa, na magazeti huning'inia hapo kwa vibanio vya nguo. Mgeni akipita mbio hudhani mtu amefua.

Zamani kamba hiyo ilikuwa inalemewa. Magazeti ya asubuhi, ya jioni, ya michezo, ya mapenzi, hata moja la kufundisha watu kufuga kuku. Simu zikaja, watu wakainamisha vichwa, na magazeti yakaanza kufa moja baada ya jingine bila hata tangazo la msiba. Yakabaki mawili. Moja nene, la rangi, mali ya tajiri mmoja mwenye kampuni ya ujenzi. La pili jembamba, la wino unaobaki vidoleni, la vijana wachache wabishi waliokuwa wakikopa mpaka karatasi.

Sheria ya Mama ilikuwa moja tu na haikuwa na rufaa: ukinunua moja, la pili unalisoma bure hapo hapo, umesimama, bila kulikunja na bila kulamba kidole. Kuna bwana alizoea kulamba kidole akifunua kurasa, akafukuzwa barazani kama mwizi. Na ukinunua moja ukataka kuondoka bila kusoma la pili, ungesikia sauti nyuma yako: "We baba! Umesikia upande mmoja tu, unakimbilia wapi?" Ndiyo maana wakamwita Pande Mbili.

Msidhani alilipenda lile jembamba. Thubutu! Jembamba lilikuwa na chumvi nyingi. Manyunyu liliita mafuriko. "Hili linapunguza, hili linazidisha," alikuwa akisema. "Ukiyasoma yote mawili, ukiongeza na akili yako kama unayo, unafika karibu na ukweli." Na wala hakuipata hekima hiyo kwenye semina. Aliipata kwa machozi. Mumewe alikuwa dereva wa basi. Breki zilikatika mteremkoni, akafa usukani ungali mikononi, na kesho yake gazeti nene likaandika kwa herufi kubwa: DEREVA MLEVI AUA. Mlevi! Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza kabla ya kuimeza. Waliokuja kumpa pole wakaanza kunong'ona wakiwa wamekaa sebuleni kwake. Kesho kutwa yake jembamba likamtafuta abiria aliyekaa nyuma ya dereva, akaeleza alivyomwona akikanyaga breki mpaka akasimama wima, na basi halisikii. Minong'ono ikaisha. Mjane yule alilia siku hiyo kuliko siku ya maziko, na matanga yalipokwisha akaenda kufunga kamba.

Basi. Sasa njoo kwenye habari ya daraja.

Mbele ya stendi kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu, jipya, lililojengwa na kampuni ya yule tajiri. Jioni moja, watu wakitoka kazini, likakatika katikati. Wengi walivunjika mikono na miguu. Fundi viatu, jirani yake Mama pale barazani, alikuwa juu, akashuka nalo, akatolewa kwenye kifusi mkono umepinda. Asubuhi yake gazeti nene likaja na picha ukurasa wa mbele: mwanamke amesimama juu ya mabonge ya zege, kanga imelegea, beseni mikononi. Juu yake maneno: WACHUUZI WAZIDISHA UZITO, DARAJA LAVUNJIKA.

Mwanamke huyo kila mtu alimjua. Ni Mama Mboga, aliyekuwa akiuza mboga zake chini ya ngazi za daraja. Na jembamba siku hiyo halikuja. Wala siku iliyofuata. Fundi viatu, mkono shingoni, alikwenda ofisini kwao kutoa ushahidi wake, akakuta mlango umefungwa kwa mnyororo na mlinzi anaota jua. Vijana wameshindwa kulipa madeni, mtambo wa kuchapia umechukuliwa. Limekufa siku ile ile lilipohitajika. Jamani, kuna vifo vinakera!

Mama Mboga alijaribu kutandika mboga zake. Mwanamume mmoja mwenye tai, ambaye mkewe aliumia darajani akalazwa hospitali, akalipiga beseni teke. "Muuaji! Kwa tamaa ya vimboga vyako!" Wengine wakasonya, wakapita. Alasiri wakaja askari wa halmashauri, wakamwambia asionekane tena pale stendi. Alikusanya mboga zake moja moja barabarani, na hakuna aliyeinama kumsaidia isipokuwa Mama Pande Mbili.

"Mama, imo mpaka kwenye simu," akasema kijana mmoja, akimwonyesha picha ile ile.

"Simu haijawahi kuona kitu, mwanangu. Nani aliona?"

Kijana akairudisha simu mfukoni.

Siku ya pili akaja shemeji yake. Huyu ni mdogo wa marehemu, ndiye dereva wa gari la kusambaza gazeti nene, na gari hilo hilo huwabeba waandishi na wapiga picha wakiitwa kwenye tukio. Alikuja na kofia ya kampuni, uso unang'aa.

"Hujambo, shemeji yangu wa pekee?"

"Sijambo. Mbona umenyoa ndevu? Unaposa?"

"Nimekuletea heri, achana na ndevu zangu." Akachuchumaa karibu na stuli. "Kampuni inatoa vibanda. Vya vioo, shemeji, vina taa na feni ndani. Nimekupigania, chako kitawekwa hapa hapa. Mvua itakuwa inakupita hivi, unaitazama tu. Na hayo magoti yako…"

"Magoti yangu yamekutuma?"

"Sikiliza basi. Sharti ni dogo. Humo linauzwa gazeti letu tu, na hii mikusanyiko ya kusoma bure, kubishana, iishe. Jembamba lenyewe limeshakufa, unapoteza nini?"

Mama akamtazama. Moyoni, kusema kweli, aliliona lile feni. Aliyaona magoti yake yamekauka msimu mzima wa mvua. Ni mtu, si jiwe.

"Nikikataa?"

Shemeji akashusha sauti. "Hupati gazeti hata moja. Kibanda kitakwenda ng'ambo ya barabara, apewe mwingine. Usinifanye nije kukuona unaombaomba, shemeji. Wewe ni mke wa kaka yangu."

Hapo ndipo alipokosea. Mama akavua miwani. "Kaka yako waliandika mlevi. Gazeti gani hilo?"

Shemeji akainuka, akajipangusa suruali.

"Nakuuliza. Gazeti gani?"

"Yamepita hayo."

"Hayajapita, yamekaa! Yamebeba beseni safari hii! Sikitaki kibanda chako. Kapande mwenyewe humo uning'inie na feni. Ondoka!" Na watu wakageuka, na shemeji akaondoka na kofia yake.

Jioni hiyo hiyo Mama akaenda kwa Mama Mboga, chumba kimoja nyuma ya gereji, mlango umerudishiwa. Alimkuta amekaa kitandani, beseni limefunikwa pembeni. Hakumpa pole. Alivuta kigoda, akamuuliza kama anavyomuuliza yeyote.

"Daraja lilipoanguka ulikuwa wapi?"

"Chini, dada. Pale pale kwenye ngazi. Nilisikia juu inalia, krr, nikarudi nyuma."

"Na beseni?"

Mama Mboga akaeleza. Alimwaga mboga zote, akapanda kwenye kifusi, akawa anachota mawe na kuyatupa kando, kwa sababu chini palikuwa na watu wanalia. Mtu wa kwanza kutoka alikuwa fundi viatu. Akiwa na beseni hilo la mawe mikononi, akaona mwanga wa kamera umempiga usoni. Akadhani ni mtu anamulika ili asaidie.

"Kesho njoo barazani ulisimulie hilo."

"Watanipiga. Na askari wamenikataza."

"Wamekukataza kuuza. Wamekukataza kusimama? Utasimama karibu yangu."

Asubuhi, kibanda kilikuwa kimesimama ng'ambo ya barabara, vioo vinameremeta, feni linazunguka. Gari la shemeji likashusha magazeti hapo, likapita mbele ya Mama bila hata kupunguza mwendo. Kamba ilikuwa tupu. Wateja wa kila siku wakaja, wakasimama, hawajui waweke wapi macho.

Mama akainuka. Akavuka barabara polepole, magoti yakilalamika, akapanga foleni kama mtu mwingine, akanunua gazeti moja, akarudi. Akalibana upande wa kushoto. Picha ya Mama Mboga ilikuwemo tena, safari hii na habari kwamba wachuuzi wote wa stendi wataondolewa. Kisha akachukua vibanio viwili, akavibana upande wa kulia, kwenye kamba tupu.

"Hapo pana nini?" akauliza mwenye tai.

"Hapo ni pa upande wa pili. Haujafika. Ngoja." Akamgeukia mwenzake aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo. "Njoo, mwenzangu."

Mama Mboga akasogea, akasimama chini ya vibanio vitupu. Kushoto picha yake, kulia yeye mwenyewe. Watu wakaguna. Mwenye tai akakunja ngumi. "Huyu ana uso wa kuja hapa?"

"Baba, umesoma upande mmoja. Wa pili husomwa bure, sheria yangu unaijua. Simama usikilize."

Mama Mboga akasimulia. Mwanzo alisema chini chini, ikabidi Mama amkemee: "Sema, hata waliopo nyuma wamekuja kusikia!" Akasema yote, mpaka beseni.

"Uongo!" mtu akapaza sauti. "Lilijaa mboga, mpaka zikavunja daraja!"

"Haya," akasema Mama. "Njoni mwangalie picha. Msiniangalie mimi. Ndani ya beseni mnaona nini?"

Vichwa vikasogea. Mwenye tai akatoa miwani yake ya kusomea, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Mawe," akasema. "Ni mawe. Na zege."

"Alinitoa mimi!" fundi viatu akaruka, mkono shingoni. "Na saruji wameiba hao! Tajiri ameuza saruji!"

"Ulimwona akiiuza?"

"Sikumwona, lakini kila mtu anajua…"

"Basi kaa chini! Wewe sema ulichokiona. Uongo wa kwetu nao sitaki ukae kwenye kamba yangu." Watu wakacheka, fundi akakaa, amenuna.

Ndipo shemeji akatokea, amevuka barabara mbio, kofia mkononi. Kibandani hapakuwa na mteja, wote wamejaa huku. "Shemeji, unanimaliza! Wakubwa wamepiga simu! Nani kakuruhusu kukusanya watu?"

Mama hakupandisha sauti. Alimuuliza lile swali lake la siku zote.

"Na wewe, shemeji, ulikuwa wapi?"

"Mimi?"

"Daraja lilipoanguka. Mpiga picha hakuja kwa miguu. Gari la kampuni unaendesha wewe."

Shemeji akamtazama Mama Mboga, akatazama picha, akatazama vile vibanio. Ana watoto wanaosoma, gari si lake, na kila aliyesimama pale alijua jibu hilo litamgharimu nini.

"Ukitaka nenda," akasema Mama. "Sikushiki. Lakini kaka yako alipata abiria mmoja tu wa kumsemea, na yule abiria naye alikuwa na watoto."

Shemeji akaiangalia kofia yake. Kisha akasogea, na Mama Mboga akampisha, akasimama chini ya kamba upande wa kulia.

"Nilikuwa hapa," akasema. "Mimi ndiye nilimleta mpiga picha. Tulipofika, daraja limeshaanguka. Huyu mama alikuwa anatoa watu."

Mwenye tai akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, asijue afanye nini na mikono ile ile iliyokunja ngumi. Mwishowe akamgeukia Mama Mboga. "Mke wangu alitolewa upande wa ngazi," akasema. "Alikuwa na gauni la kijani."

"Aliniuma mkono nikimvuta," akasema Mama Mboga. "Nilimwambia aume tu."

Mtu mzima akalia pale stendi, mchana kweupe, na hakuna aliyemcheka.

Shemeji alifutwa kazi kabla ya saa ya chakula. Siku hizi anasaidiana na fundi viatu, na hana mkono wa kazi hiyo hata kidogo, viatu vinarudi vikilalamika. Mama Mboga yupo kwenye ngazi ambazo hazielekei popote. Askari walipokuja tena walimkuta mwenye tai amesimama mbele ya beseni. Kibanda cha vioo bado kipo, na gazeti nene linanunuliwa, tena sana. Ila wanunuzi wakishalipa huvuka barabara nalo mkononi, wanakuja kusimama chini ya vibanio vitupu, na kumuuliza Mama, "Leo nani alikuwepo?"