Njia Iliyofagiliwa Vizuri Mno

Mlima ulio nyuma ya kijiji chetu cha Muyama si mrefu. Mwenye afya hufika juu kabla hindi la kuchoma halijapoa mkononi. Asiye na afya hufika limepoa, basi. Lakini mwaka 2012 ulikuja mradi mmoja ukagundua kwamba mlima una mandhari. Wenyeji tulikuwa tumeishi chini yake miaka yote tukidhani una kuni tu.

Mradi ukachonga njia ya wageni kutembea. Ukaweka ngazi za mawe penye utelezi, mabenchi mawili huko juu, na kibao huku chini kilichoandikwa Kiswahili na Kiingereza, ili Waha wa hapa tusome kwa lugha mbili za ugenini kwamba tumefika kwetu. Mwisho ukaajiri mwongozaji. Akachaguliwa Melkiadi, kwa sifa moja ambayo hakuna aliyeweza kumpiku nayo: nyumba yake ilikuwa karibu na kibao.

Melkiadi alikuwa mgane wa miaka sitini hivi. Binti zake wawili walikuwa wameolewa, mmoja Kibondo, mwingine Nyakitonto, na wote walimpenda sana kwa simu. Alikuwa na kahawa kidogo, migomba kiasi, na jioni ndefu. Kazi ya mradi ilikuwa na posho, ambayo ilikuja ilipojisikia. Ila si posho iliyomfanya aamke alfajiri kufagia njia kwa matawi, jiwe kwa jiwe, mpaka juu. Kazi ile ilimletea watu. Tangu mkewe Theodosia afariki, hakuna kitu kingine kilichowahi kumletea watu.

Na watu walikuja, mmojammoja. Wanafunzi waliotoroka vipindi. Walokole waliokwenda juu kuomba mvua, wakashuka wakikimbia mvua. Karani wa Kasulu aliyetaka picha ya kuweka kwenye simu, ambaye alipanda mlima mzima akijitazama mwenyewe. Melkiadi aliwapokea wote kwa namna moja: anainama, anapiga makofi ya salamu taratibu, "Mwakeye," anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, hata kwa mtu ambaye ni wazi kabisa hana mifugo. Kisha anatangulia. Huko juu huwaonyesha vilima vya Burundi, mgongo juu ya mgongo, na mbali upande wa magharibi mstari wa kijivu.

"Lile ni Ziwa Tanganyika," husema. Mara nyingi lilikuwa wingu.

Tatizo lake lilianzia pale ambapo kazi ya mwongozaji wa kawaida huishia. Huku Buha, kwetu Waha, mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa. Mgeni wa kawaida unamfikisha njia panda. Mgeni uliyempenda unamvusha kijito. Halafu unasimama unamtazama mpaka mgongo wake upotee, ndipo unageuka. Melkiadi alimvusha kila mtu kijito. Wengine aliwafikisha barabarani, akawasimamishia gari, akaulizia kama dereva ni mtu mzuri.

Shamsi, mwenye duka dogo pale barabarani, ambaye babu yake alitokea Ujiji na ambaye kwa hiyo alijihesabu mtu wa pwani, hakuchoka kumtania.

"Mzee Melki, wewe hata kuku ukimuuza unamsindikiza!"

"Kuku hajui njia," Melkiadi alijibu.

"Kuna siku utamsindikiza Mzungu mpaka kwao, wakupe uraia."

"Nitarudi. Nani atafagia?"

Shamsi alicheka, lakini hakuendelea. Alikuwepo barabarani siku ile Theodosia alipopelekwa hospitali. Gari lilikuwa limejaa, hapakuwa na nafasi ya mtu wa kumsindikiza. Melkiadi alimfikisha mlangoni mwa gari, akamfunika miguu kwa kitenge, akasimama barabarani mpaka vumbi likatua. Theodosia aliporudishwa, hakuwa tena mtu wa kusindikizwa hospitali. Tangu hapo Melkiadi alikuwa hamwachi mgeni nusu ya njia.

Machi mwaka 2014, wakati wa masika, Shamsi alimwita dukani.

"Sikiliza vizuri. Watu wa mradi wanakuja kukagua, wiki hii hii. Wanataka kujua kama kazi yako iendelee au wakufute. Usibanduke pale kibaoni. Umenisikia? Hata aje Papa, umwambie kwaheri pale pale."

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Nimesikia, Shamsi. Mimi si kuku."

Akakaa kibaoni siku ya kwanza, na ya pili, amevaa koti la harusi ya binti mkubwa. Siku iliyofuata alikuja mwalimu.

Aliitwa Tunu, msichana wa Pangani, amepangiwa shule huko upande wa Munanila, na alikuwa na wiki chache tu tangu ashuke kwenye basi na kugundua kwamba Tanzania ina baridi. Alikuwa ameambiwa kwamba ukipanda mlima huu unaona maji. Hakuuliza bei wala urefu wa njia. Alipanda nyuma ya Melkiadi, amevaa viatu vya kanisani vya kuazima, maana vyake vilikuwa vya mchangani. Juu kabisa alikaa kwenye benchi.

"Maji yako wapi, baba?"

"Pale, mwanangu. Ule mstari."

Tunu alitazama sana. "Lile ndilo ziwa?"

"Ndilo. Leo ndilo."

"Kwani siku nyingine?"

"Siku nyingine ni wingu. Lakini wewe umetoka mbali."

Msichana akacheka, halafu ule mcheko ukamgeukia, akawa analia bila kelele, kama mtu anayelia katika nyumba ya kupanga. Melkiadi aliinuka. Alikwenda benchi la pili, akatazama Burundi kwa adabu mpaka shughuli ikaisha.

Walipofika chini, Tunu akajifuta uso na ncha ya mtandio. "Asante, baba. Nitafika mwenyewe."

Melkiadi alikitazama kibao. Aliitazama njia yanakotokea magari, tupu, matope tu. Akamtazama yule msichana, aliyekuwa ameshaanza kwenda, mabega juu kama mtu anayetembea kwenye mvua ambayo haijanyesha.

"Nakuvusha kijito," akasema.

Alimvusha kijito. Kisha ikawa hadi kwenye mikaratusi. Kisha, kwa kuwa walikuwa wamefika kwenye habari ya mama yake Tunu na namna anavyopika pweza, mnyama ambaye Melkiadi hakumwamini, ikawa hadi njia panda ya Munanila. Pale alisimama mpaka mgongo ukapotea. Ndipo akageuka na kuanza kurudi kwa mwendo wa mtu anayejua amekosa.

Alikuwa karibu kukifikia kibao alipokutana na mgeni anayeteremka peke yake. Mtu wa makamo, shati jeupe, begi begani, matope hadi magotini. Gari lake lilikuwa limegoma kupanda mwinuko wa barabara ya udongo mwekundu, ameliacha kwa Shamsi. Melkiadi akainama, akapiga makofi, akauliza habari za nyumbani.

"Nzuri, mzee, nzuri. Kuna njia fupi ya kufika dukani?"

"Ipo. Nipe begi."

"Aa, mzee, usihangaike, ulikuwa unapanda."

"Nitapanda tena." Akalichukua begi, akageuka, akatangulia.

Yule mgeni alijitambulisha: Felisiani, wa mradi. Melkiadi akasema karibu sana. Jina lake mwenyewe hakulitaja, kwa kuwa hakuulizwa.

"Nimetoka kuikagua hii njia ya mlimani," Felisiani akaendelea, akihema. "Tuna mwongozaji pale, jina tu. Nimekuta kibao na ngazi. Mtu, hakuna. Nimepanda mwenyewe, nimeshuka mwenyewe."

"Pole."

"Pole ya nini? Sikupotea hata kidogo! Njia nyeupe, imefagiliwa utafikiri uwanja wa msikiti. Jiwe limekaa, jani hakuna. Sasa mwongozaji wa nini? Hata kipofu angefika."

"Imefagiliwa vizuri?" Melkiadi akauliza bila kugeuka.

"Vizuri mno, mzee. Vizuri mno."

"Asante."

"Asante ya nini?"

"Kwa niaba ya aliyefagia."

Felisiani alicheka. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa ameshaamua. Walipofika kwenye kijito Melkiadi alimshika mkono kumvusha, akamwonyesha jiwe la kukanyaga na jiwe la kuogopa. Ng'ambo walikuta kibaraza cha duka, na Shamsi amesimama juu yake, macho yamemtoka.

Felisiani akapanda garini, akashusha kioo. "Huyo Melkiadi unamjua, mzee?"

"Namjua."

"Ni mtu wa namna gani?"

Melkiadi alifikiri. "Ni mtu wa kusindikiza watu."

"Basi ukimwona mwambie tumesitisha. Asijisikie vibaya. Njia yenyewe inatosha."

"Nitamwambia."

Gari likaondoka likiyumba kwenye matope. Melkiadi alisimama akilitazama mpaka likapotea kwenye kona, mkono mmoja juu.

"We mzee!" Shamsi akapasuka. "Umemwambia ni wewe?"

"Ningemwambiaje, Shamsi? Alikuwa anaondoka."

"Ndiyo maana ungemwambia!"

"Mtu akiwa njiani kwenda kwake hatiwi aibu. Aibu angekwenda nayo mpaka Kigoma."

Shamsi akamkatia kipande cha mkate bila kuombwa. Kwa Shamsi hilo lilikuwa karibu na rambirambi.

Melkiadi aliendelea kufagia kwa mazoea, halafu akaacha kwa hesabu: nyasi zikiota, alimweleza Shamsi, wageni watapotea, na wakipotea mradi utataka mwongozaji. Mpango ulikuwa mzuri, ila kwa sehemu moja. Nyasi ziliota. Wageni walipoziona hawakupotea, hawakuja. Mradi nao ulikuwa umekwenda kugundua mandhari mahali pengine. Benchi moja likapelekwa na mtu nyumbani kwake, ambako hadi leo linafanya kazi nzuri.

Tunu pekee ndiye aliyerudi, mara moja moja, siku za likizo fupi. Hakuhitaji kuongozwa. Alipita kwa Melkiadi, wakakaa uani, akaonja mihogo ya kuchemsha na kuisifu kwa uongo wa pwani, uliopambwa. Kisha akasindikizwa hadi njia panda.

Agosti mwaka 2015, kiangazi, Melkiadi alipanda mlimani mwenyewe. Hakuwa na mgeni. Alipita katikati ya nyasi zilizomfika kiunoni, akakaa kwenye benchi lililobaki na kuutazama ule mstari muda mrefu. Siku hiyo lilikuwa ziwa kweli, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Aliposhuka alipitia dukani kununua chumvi.

"Mwalimu wako alipita," Shamsi akasema taratibu, macho kwenye mizani. "Amepata uhamisho, anarudi kwao. Alikwenda kwako, hakukukuta. Akasimama hapa kidogo, halafu gari likaja."

"Nani alimsindikiza?"

"Mzee Melki, gari lilikuja mpaka hapa hapa. Alipanda, akaenda."

"Alikuwa peke yake?"

Shamsi akachukua karatasi. Alifunga chumvi kwa uangalifu usiohitajika na chumvi.

Melkiadi akaiacha kaunta pamoja na chumvi, akashuka kibarazani hadi katikati ya barabara. Upande wa Kasulu ulikuwa mtupu, mwekundu, mnyoofu hadi kona. Vumbi lilikuwa limekwisha kutua zamani. Alisimama hivyo hivyo, mkono mmoja juu, kwa muda ambao gari huchukua kupotea. Kisha akaushusha, akarudi kuchukua chumvi yake.