Matofali Yetu Mekundu

Harufu ya dawa ilifika kabla ya Kabula mwenyewe. Alikuwa binti wa baba mdogo, aliyefanya kazi katika mgodi wa dhahabu huko Geita. Kiangazi kile aliletwa kwetu, upande wa Shinyanga, akiwa na bandeji nyeupe mguuni. Alikatwa na chupa, jeraha dogo kama punje ya mahindi, lakini mtoto wa mfanyakazi alitibiwa hospitali ya mgodi hata kwa hilo. “Nuseni tu, msiguse,” alisema, na watoto wakainama kwa zamu kama mbuzi kwenye chumvi. Mimi sikuinama. Nilikuwa na kidonda ndugu kwenye muundi tangu masika, kimefungwa majani na kipande cha kanga kuukuu ya mama, na wenzangu walinikalia mbali. Nilimwonea wivu hadi mate yakawa machungu.

Nasi tungekuwa na zahanati. Mwaka uliotangulia tulifyatua matofali, wakubwa wakikanyaga udongo mwekundu wa kichuguu, watoto tukiteka maji. Kisha ikaja amri ya serikali ya kikoloni ya kupunguza ng'ombe, na wazee wetu, baba yangu akiwa mbele, wakakataa kuwapeleka mnadani. Mwanangwa, msimamizi wa mtemi katika vijiji vyetu, hakubishana nao. Alileta lori, akahamishia matofali kijiji kingine kilichotii, na zahanati ikajengwa kule. “Wanaokataa amri watatibiwa na ng'ombe wao,” alisema. Tangu hapo, mtu wa kwetu aliyetaka dawa kule alihitaji cheti cha mwanangwa. Baba hakukiomba. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Mimi nilikuwa nyasi.

Siku moja Kabula alivua bandeji ili aoge. Niliichukua, nikaifunga juu ya kidonda changu, nikapita njiani polepole ili nionekane. Kwa kitambo kidogo nilikuwa mtoto wa Geita. Kisha akanifuata akilia. “Mwizi! Baba yako si ana ng'ombe? Wakufunge kwa mikia yao!” Watoto wakacheka. Baba, aliyekuwa akichonga mpini uani, aliniita. Nilingoja kiboko. Alifungua bandeji, iliyokwisha kulowa usaha, akautazama mguu wangu kwa muda mrefu. “Mama Milembe,” alimwambia mama, “nitolee shuka langu safi.” Siku ya mnada alilivaa, akaswaga ng'ombe wanne, kisha akaenda kupiga magoti kwa mwanangwa. Alirudi na cheti, akamkabidhi mama.

Mama alinibeba mgongoni hadi zahanati ile. Ukuta wake ulikuwa mwekundu katikati ya nyumba za udongo mweusi wa mbuga. Tabibu alikisafisha kidonda kwa upole, akauliza, “Mama, mbona mmechelewa hivi? Mnatoka mbali?”

“Mbali kiasi, mwanangu,” mama alijibu. “Matofali yalitutangulia.”

Sasa nimemaliza darasa la nne, na mguu umebaki na kovu tu. Cheti hakiombwi tena. Wanasiasa huja kuahidi zahanati kila kijiji, nami hukaa nyuma ya watu, naona haya kuuliza lini. Kabula ameolewa Geita, na niliposikia amejifungulia hospitali, wivu wa zamani ulinichoma. Lakini ulio mkali zaidi hunipata pale zahanati, nikifika nimechoka baada ya kutembea asubuhi nzima. Wenyeji wametoka nyumbani hatua chache tu. Hukaa kivulini wakisubiri kuitwa, migongo yao imeegemea matofali yetu, na hakuna anayegeuka kuyatazama.