Kitambaa Kilichotiwa Wanga

Mpaka leo nikiona kofia ya Ijumaa imesimama wima kwa wanga, hasira hunipanda. Kofia yenyewe haina kosa. Mwenye kosa ni koko, bibi yangu mzaa mama, ambaye mtaa wetu mzima wa Mutsamudu ulimletea kofia na kanzu azifue, azitie wanga wa muhogo na kuzipiga pasi ya makaa.

Ilikuwa miaka ile mamluki wa kizungu walipoitawala nchi yetu kwa bunduki, nami nilikuwa msichana wa mwaka wa mwisho shuleni. Mwalimu wetu wa sayansi alitusomea gazeti la Kifaransa lililosema kwamba mimea iliyooteshwa angani, kule ambako vitu havina uzito, ilionekana kuwa na wanga kidogo kuliko ya huku kwetu. Kwenye ncha ya mzizi, alieleza, zimo punje za wanga zinazotuama kama mchele sufuriani, na ndivyo mzizi unavyojua chini ni wapi. Sasa angani, ambako hakuna chini, inakuwaje? Swali hilo lilininyima raha. Wakati huohuo wakubwa wa Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, wakatangaza kuwa mwanafunzi mwenye jaribio bora atapelekwa kusoma ng'ambo. Niliitaka nafasi ile kuliko harusi, na kwetu visiwani hilo si neno dogo.

Roketi sikuwa nayo. Nilikuwa na saa ya ukutani ya marehemu babu. Niling'oa kioo, nikafunga kisahani cha bati penye mshale wa dakika, na juu yake mbaazi zinazochipua, zimefungwa kwa kitambaa chenye maji. Kisahani kikazunguka polepole, mizizi ikapotewa na chini yake. Mbaazi nyingine niliziacha zimetulia. Nilipotia ayodini, ile dawa ya vidonda inayougeuza wanga kuwa mweusi, mizizi iliyotulia ilikolea nchani, iliyozungushwa ikabaki hafifu. Nilirudia, ikawa vilevile. Niliruka chumbani peke yangu kama mwehu.

Jioni ya kuamkia safari ya kwenda Moroni kuonyesha jaribio langu, koko alikishika kile kitambaa, kimejaa madoa na ukungu.

"Ndicho utakachowaonyesha Wangazidja wa Moroni? Waseme Mutsamudu hatujui kufua?"

Nilicheka, nikaenda kumuaga mwalimu. Niliporudi kitambaa kilikuwa cheupe, mbaazi zimefungwa tena vizuri, kisahani kinazunguka. Nilifurahi, nikaitia saa sandukuni, nikafunga.

Kwenye uwanja wa ndege wa Moroni askari mmoja wa kizungu alisikia sanduku linalia tik-tik, akaniamuru nifungue. Nikamweleza kwa Kifaransa changu chote kuhusu mizizi na anga.

"Anga? Kutoka Mutsamudu?" Akacheka mpaka akajishika kiuno, akaniruhusu nipite. Mgeni mwenye bunduki ananicheka kwenye nchi yangu! Nilitamani kumtemea mate.

Ukumbini, karibu na mtaa wa Badjanani, walikaa majaji watatu. Nilisema kwa kujiamini: mizizi iliyozungushwa itabaki hafifu. Nikafungua kitambaa, nikadondosha ayodini juu ya mizizi. Ikawa myeusi. Kitambaa nacho kikawa cheusi, pindo kwa pindo, na vidole vyangu pia. Mizizi yote ilikuwa imeshika wanga wa muhogo uliotoka kitambaani, wala sikuwa na mbegu nyingine.

"Binti," akasema jaji wa katikati, "huko angani kwako wanga umezidi."

Watu wakaangua kicheko. "Ni kitambaa!" nikapiga kelele. "Kimetiwa wanga!" Walikuwa wameshamwita mwanafunzi mwingine.

Njia nzima ya kurudi nilipanga maneno ya kumwambia koko, na hakuna lililokuwa la adabu. Nani anatia wanga kitambaa cha kuoteshea mbaazi? Nani, kama si bibi wa Mutsamudu anayeogopa midomo ya Wangazidja? Nilitaka kulia na nilitaka kuvunja kitu.

Nilimkuta kibarazani na pasi yake, ananingoja. Hakuuliza kama nimeipata nafasi. Alikuwa na hakika nimeipata.

"Mjukuu wangu, walikiona kitambaa?"

Nilimtazama mikono, imebabuka kwa maji na makaa. Nikalitua sanduku chini.

"Ewa, koko," nikasema. "Hawakuona kingine."