Manjano Kwenye Mtandio wa Kusalia

Dawa ya kwanza nilikuwa naimeza mara moja kwa wiki, kila Ijumaa, na Ijumaa kwetu ndiyo siku ya pilau. Siku niliichagua mwenyewe, kwa kudhani baraka zake zitaiongezea dawa nguvu. Nguvu iliipata kweli. Ikifika adhuhuri, harufu ya viungo ikitoka jikoni, mimi niko chooni nimeinamia ndoo. Vidonda vilinitoka mdomoni, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mume wangu, mtu aliyekula pilau kila Ijumaa tangu aote meno, akaanza kula wali mweupe na maharage bila kuuliza swali. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Kilichonikera ni kwamba vidole vilikuwa vimeanza kupata nafuu. Baridi yabisi yangu si ile ya kulalamikia magoti mvua ikinyesha. Hii inavimbisha vifundo vya vidole mpaka kufungua bomba asubuhi kunakuwa shughuli. Kwa hiyo nilivumilia ndoo yangu ya Ijumaa mpaka daktari, binti mdogo mwenye adabu zake, alipoyatazama majibu ya damu akakunja uso.

"Mama, hii dawa tunaiacha. Ini lako halijaipenda."

"Na vidole vyangu je?"

"Nakupa nyingine. Ila hii haina haraka, itachukua wiki kadhaa mpaka uone mabadiliko. Halafu usishtuke, mkojo utakuwa rangi ya chungwa. Hata jasho linaweza kugeuka."

Rangi haikunishtua. Kilichonishtua ni hizo wiki kadhaa, maana Ramadhani ilikuwa inabisha hodi.

Sisi tunakaa Kariakoo, ghorofani, juu ya duka letu la vitambaa. Kila mwaka, siku chache kabla ya mfungo, wanawake wa ukoo wa mume wangu hukusanyika kwangu kukunja sambusa za kujaza friza. Kazi ya kuwasimamia alinikabidhi mama mkwe, Mungu amrehemu, akamruka binti yake wa kumzaa, yaani wifi yangu. Wifi hajalisahau hilo. Anakaa Ilala, karibu na Mchikichini, ana friza kubwa kuliko langu na jiko la kucheza mpira. Angejua tu kwamba vidole vyangu vimegoma, sambusa zingehamia kwake, na katika ukoo huu shughuli ikishahama hairudi. Niliogopa. Niliogopa kuwa mgonjwa wa ukoo, yule anayewekewa mto mgongoni na kuletewa sahani huku watu wakimsema chini chini.

Basi nikanyamaza. Nikaanza dawa mpya, na kwa kuwa ya zamani imeshaachwa na mpya haijaamka, vidole vikarudi kuvimba. Mume wangu akawa ananifunga vifungo vya baibui kila asubuhi kabla ya kushuka dukani. Alikuwa akivipandanisha, kimoja kwenye tundu la mwenzake, akimaliza anarudi nyuma kujitazamia kazi yake na kujisifu. Tulicheka sana asubuhi zile, sitaki kusema uongo.

Siku moja wifi akaja bila taarifa, ndiyo desturi yake. Nilikuwa nimeanika mtandio wangu mweupe wa kusalia barazani. Akausogelea, akaushika pale shingoni palipoingia umanjano, akaunusa.

"Wifi! Singo hii?"

Singo ni ule mchanganyiko wa manjano na viungo ambao bibi harusi husuguliwa mwili mpaka ang'ae. Mimi nina wajukuu. Nilifungua mdomo nimwambie ni jasho la dawa, nikaliona lile friza lake la Ilala machoni pangu, nikaufunga.

"Mambo ya ndani hayo, wifi," nikamjibu.

Alishuka ngazi mbio kama anafukuzwa. Jioni yake mume wangu alipanda juu kafura.

"Dada kaniuliza mbele ya wateja kama nakula vizuri. Eti nile karanga. Karanga za nini?"

Nilipomweleza alikaa kitini akacheka mpaka akaomba maji. Habari ilikwisha kusambaa. Mama wa duka la jirani alinivuta pembeni kuniuliza kwenye singo yangu naweka liwa kiasi gani. Mke wa shemeji yangu alinipigia simu kutoka Buguruni, akijifanya anaulizia bei ya vitambaa. Nilipita mitaa ya Kariakoo kifua mbele, vidole nimevificha ndani ya baibui.

Siku ya sambusa ikafika. Tulikaa mkekani, beseni la nyama katikati, manda za kukunjia zimefunikwa kitambaa kibichi, kibakuli cha uji wa ngano wa kuzibia kiko mbele yangu. Nikachukua manda ya kwanza. Kona haikukaa. Nikachukua ya pili, ikachanika. Nikajifanya naangalia simu.

"Bibi harusi kachoka," akasema wifi, na mkeka mzima ukaangua kicheko.

Nami nilicheka. Halafu, bila kutaka, machozi yakanitoka.

"Si singo, wifi. Ni dawa. Nimebadilishiwa dawa, na vidole havifungi."

Wifi akajipangusa unga, akauchukua mkono wangu, akavigusa vifundo kimoja baada ya kingine taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na mimi nimekutangaza mji mzima!" Akanitazama kwa hasira, macho yake yamejaa maji. Nikajua sasa atasema tubebe mabeseni twende Ilala. Akawageukia wenzake. "Mnashangaa nini? Kunjeni. Wifi ataonja nyama na kutuambia imepungua nini. Kuna mwenye ulimi kama wake hapa?"

Nikaonja. Vidonda vya mdomoni vilikuwa vimekauka tangu niache ile dawa ya Ijumaa, na harufu ya viungo haikunisumbua tena. Nikawaambia ndimu imepungua na giligilani haijatosha. Nilifurahi mno, nikaonja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka wifi akalisogeza beseni mbali nami.

Mfungo ukaingia. Daktari alinipangia nimeze dawa baada ya futari na baada ya daku. Ramadhani ikiwa imepita nusu, asubuhi moja nilifungua bomba mwenyewe, maji yakatoka, nikasimama pale nikiyatazama yanavyokwenda bure.

Siku hiyo wifi alikuja kufuturu kwetu. Nilimwonyesha sambusa nilizokunja kwa mkono wangu, chache, zimepinda. Akazikaanga yeye. Moja ikafumuka kwenye mafuta, nyama yote ikamwagika. Wifi yangu hajapata kumsamehe mtu yeyote sambusa iliyofumuka. Akiiona huinyanyua juu kila mtu aione. Safari hii aliiopoa kimya kimya, akaitenga kwenye kisahani chake, na magharibi ilipoadhiniwa akaanza na hiyo, kabla ya tende.