Kizingiti cha Kuku

Nilihangaika wiki tatu na swali moja: kile kiwanja cha Kasulu hujaa maji au hakijai? Nilitaka kumjengea mama nyumba pale. Miguu yake imechoka; maji yakimkuta kitandani, hana mbio.

Kila Ijumaa niliomba ruhusa kazini, nikatoka Kibondo kuuliza. Ofisi ya mtaa wakasema mambo ya maji niulize wa ardhi. Wa ardhi wakanifunulia ramani safi, kijito kimepita mbali, kimetulia. Nikauliza kama hata wakati wa masika kijito hutulia hivyo hivyo. Karani akasema hilo ni swali la wenyeji. Nilimshukuru kwa meno tu.

Kwa wenyeji nikafanya kosa: niliongozana na muuzaji, mwalimu mstaafu, maana mgeni haingii uani kwa watu peke yake. Na majirani hao hao ndio wangekuwa mashahidi siku ya kuuziana, wanywe na soda yake. Nani angemharibia mwenzake mbele ya macho yake? "Maji hapa? Hapana, baba." Wote hivyo hivyo. Mama mmoja anayepakana na kiwanja alinijibu akiwa juu ya kizingiti cha tofali kilichonifika magotini. Nikamuuliza ni cha nini.

"Cha kuzuia kuku."

Kuku gani hao, wa kuzuiwa kwa ukuta? Nilirudi Kibondo nimefura, namwita mwongo njia nzima.

Ijumaa ya nne muuzaji alikuwa msibani Buhigwe, nami nikamleta mama mwenyewe. Akaketi mkekani ndani kwa yule jirani, wakaanza kwa Kiha: salamu za mwakeye, watoto, maharage, nani kaolewa wapi. Saa nzima ikapita. Mimi nimesimama pembeni natafuna ulimi, maana hakuna hata mmoja aliyetaja kiwanja. Mwishowe mama akauliza, kama anayeulizia chumvi, "Mvua zikichanganya, watoto mnawalaza wapi?"

"Kwa dada yangu, kule juu. Maji yakifika jikoni tunawabeba. Safari iliyopita tulikaa huko siku nne."

Sikuweza kunyamaza. "Mbona mimi ulinikatalia?"

"Ulikuja na mwenye kiwanja," akasema, bila aibu yoyote.

Mama akainuka kwa tabu. Jirani akamshika mkono, akamshusha kizingiti polepole, mguu mmoja, kisha wa pili. Walipofika chini hakumwachia. Alinitazama mimi.

"Na tena nilitaka mnunue," akasema. "Sisi tumeomba mtaro mpaka tumechoka. Nikasema, akijenga mtu wa ofisini kama wewe, labda watauchimba."

Hasira niliyomwekea tangu Ijumaa ile ikakosa pa kukaa. Kiwanja hatukununua. Mtaro haujachimbwa mpaka leo.