Shingo ya Dada na Safari ya Siku Sita

Dada yangu mkubwa amepiga deki ghorofa ya tatu ya hospitali kwa miaka ishirini na saba. Ukimwuliza kazi yake, hasemi kwamba ni mhudumu wa usafi. Anasema, "Mimi ndiye mwenye ile sakafu." Na ni kweli. Nimewahi kumwona daktari bingwa amesimama mlangoni na mafaili yake kwapani, anasubiri, kwa sababu Dada ameinua kidole kimoja kumaanisha maji hayajakauka.

Ni mtu wa maneno. Mimi maneno yananipa taabu, kwa hiyo tangu utotoni yake yalitutosha wote wawili. Nilipomaliza darasa la saba, yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi makochi. Akamwambia, "Huyu haongei, lakini mpe kazi ya mikono halafu uje unishukuru." Fundi akacheka, akanipa nyundo. Niko kwenye makochi mpaka leo, ila sasa karakana ni yangu.

Mwaka huu, Dada akiwa na miaka hamsini na minne, wafanyakazi wa hospitali waliunda kikundi cha watembeaji. Kiongozi wao ni mwalimu wa michezo mstaafu ambaye siku hizi huwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Wanamwita Kipimo, kwa kuwa hupima kila kitu: hatua, maji ya kunywa, hata urefu wa kamba za viatu. Kipimo alipanga safari ya siku sita kwa miguu, kuvuka vilima vyote hadi ziwani upande wa pili. Kila mtu na begi lake mgongoni, na begi lisizidi kilo tisa. Usiku wanalala nje, kwenye hema.

Dada akajiandikisha siku ileile. Shemeji, mume wake, alidhani ni mzaha.

"Wewe mjukuu umeshapata, huko unafuata nini?"

"Miaka yote navitazama vile vilima usoni," Dada akamjibu. "Na mimi nataka nivione mgongo."

Tatizo halikuwa miguu. Mtu aliyesukuma deki miaka yote hiyo ana miguu ya kukopesha wengine. Tatizo lilikuwa shingo. Ile shingo ya Dada ikilalia vibaya usiku mmoja tu, asubuhi inakataa kugeuka, na inaweza kukataa hivyo siku mbili tatu.

Kipimo aliwalaza nje usiku mmoja wa majaribio, kwenye uwanja chini ya vilima. Dada alikunja koti lake akaliwekea kichwa. Asubuhi alitoka kwenye hema anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa pomoni. Kipimo akamwita.

"Mama, mbona ukitaka kuangalia kulia unageuka mwili mzima kama lori?"

"Ndivyo nilivyo, Mwalimu. Nawaheshimu watu, nikiwaangalia nawaangalia kwa kifua."

Wenzake wakacheka, lakini Kipimo hakucheka. Akamweleza taratibu kwamba siku ya tatu wanapita njia nyembamba ubavuni mwa kilima, upana wake kama kitanda cha mtu mmoja. Mtu asiyeweza kuinamisha shingo kuona anapokanyaga, yeye Kipimo hawezi kumpitisha pale. Akampa nafasi moja zaidi: majaribio ya pili, baada ya wiki tatu. Akiamka tena na shingo ya namna ile, atabaki nyumbani.

Siku ile Dada alikuja karakanani moja kwa moja, begi likiwa bado mgongoni. Akakaa juu ya kochi la mteja bila kuniuliza. Dada yangu hulia mara chache sana, na hata siku ile hakulia, lakini alianza kuchuna uzi wa lile kochi, na yeye si mtu wa kuharibu kazi yangu.

Mwishowe akasema, "Mdogo wangu, nitabaki kwa sababu ya mto. Si ugonjwa, si uzee. Mto!"

"Chukua wa nyumbani," nikamwambia.

"Wa nyumbani unajaza nusu ya begi. Nibebe mto niache chakula?"

Wiki ya kwanza alijaribu mambo yake mwenyewe. Alikuwa akilala uani, nje kabisa, juu ya kile kimkeka chembamba cha sponji walichopewa, ili ajizoeze. Muuguzi mmoja alimwazima mto wa kujaza upepo. Dada anasema ule mto ulikuwa unalia kila akipumua, halafu ukamtoroka. Asubuhi aliukuta karibu na banda la kuku. Akajaribu mfuko wenye majani makavu, akaamka na sikio lote limechomwachomwa. Akajaribu viatu vilivyofungwa ndani ya kitenge. Hiyo sitaieleza.

Asubuhi ya nne jirani alichungulia juu ya ukuta akamwona amejikunja pale chini. Akamwendea Shemeji kwa sauti ya chini ya kusuluhisha ndoa.

"Baba, hata kama kakosa, mfungulie mlango. Ni mtu mzima."

Shemeji alikuja kwangu analalamika. "Shemeji yangu, nisaidie. Mtaa mzima unajua nimemfukuza mke. Mshonee huyu mtu mto nipate amani."

Basi nikashona. Na hapa lazima nikiri kosa langu, maana ni kosa ambalo mwalimu wa shule au muuza duka asingelifanya. Mimi nimepima watu miaka thelathini, na wote nimewapima wamekaa. Kochi ni kitu cha kukalia. Nikamwambia Dada akae kwenye stuli, anyooshe mgongo, nikapima kutoka begani hadi kisogoni, nikaandika. Nikachagua sponji ngumu, ile inayorudi haraka ukiikandamiza, kwa sababu kochi likibonyea mteja analirudisha. Nikazungushia ukingo wa kamba pembeni. Na katikati, mkono wenyewe tu ulivyozoea, nikavuta uzi nikakaza kifungo, kizuri, kimevalishwa kitambaa.

Kesho yake aliingia karakanani wakati nina wateja wawili. Kwenye shavu lake la kulia kulikuwa na duara jekundu, limekaa sawasawa, hata ule mkunjo wa kitambaa unauona.

"Waangalie wateja wako," akasema, "ujue nani anataka mhuri kama huu."

Wateja waliangua kicheko. Mimi niliinama nikawa natafuta misumari ambayo haikupotea.

"Umenishonea kochi, mdogo wangu. Kichwa changu kimekaa usiku kucha, hakikulala."

"Nilikupima vizuri."

"Ulinipima nimekaa! Nani analala amekaa? Mlinzi wa benki?"

Nikaweka nyundo chini. Alikuwa amesema kweli, na nilishangaa kwamba sikuwa nimeliona mwenyewe. Nikafagia sehemu ya sakafu, nikamwambia alale palepale kwenye saruji, ubavu, kama anavyolala siku zote. Akajilaza, mkono mmoja chini ya shavu. Nikapiga magoti na tepu yangu nikaanza kupima kutoka sikioni hadi sakafuni.

Wakati huohuo akaingia mama mmoja aliyefuata viti vyake vya kulia chakula. Akasimama mlangoni. Akamtazama Dada aliyelala kimya macho amefumba, akanitazama mimi na tepu.

"Fundi," akasema, "siku hizi unapima na majeneza?"

Dada, bila kufumbua macho, akamjibu kutoka kule chini.

"Tulia hapo kwenye foleni, mama. Nikiinuka mimi, wewe ndiye unafuata."

Yule mama alicheka mpaka akakaa juu ya kiti chake mwenyewe ambacho gundi yake haikuwa imekauka.

Tepu ilisema sentimita kumi na tatu. Hapo ndipo nilipoelewa. Kitandani godoro linabonyea, bega linazama, kwa hiyo pengo la kujaza chini ya kichwa ni dogo. Juu ya ardhi bega halizami popote. Kichwa kinabaki kinaning'inia, au kinasukumwa juu kupita kiasi, na shingo inakesha ikifanya kazi. Lakini sponji ya unene wa sentimita kumi na tatu ni mzigo, na Kipimo atauona kwenye mizani.

"Huko kwenye begi unabeba nguo gani?" nikamwuliza.

"Sweta, fulana mbili, khanga, soksi."

"Usiku unazivaa zote?"

"Sweta silivai. Ndani ya mfuko wa kulalia kuna joto la kuivisha mayai."

Nikaanza upya. Safari hii nilishona foronya ndogo yenye vyumba viwili. Chumba cha juu nilitia mabaki ya sponji laini niliyoyakatakata vipande vidogo kama punje za mahindi, yanayokubali kichwa kikae kinavyotaka. Chumba cha chini niliacha kitupu, mdomo wake wa kufunga kwa kamba, ili usiku atie sweta na fulana, na asubuhi azitoe avae. Kati nilipitisha mishono miwili ili katikati pawe chini kidogo kuliko pembeni, kichwa kisibingirike. Upande unaogusa ardhi niliweka kipande cha turubai, ule uso wake wenye kukwaruza, usiteleze. Kifungo sikuweka. Mkono ulikitafuta, nikaukatalia.

Mto wenyewe mtupu ulikuwa mwepesi kuliko kiatu kimoja cha Dada.

Usiku wa kwanza uani mto ulimpeleka mpaka alfajiri, lakini bega bado lilimuuma. Jioni iliyofuata alichukua kijiko cha kupakulia wali akajikwangulia udongo, kishimo kidogo tu cha bega kuzama. Shemeji alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Sasa mmehamia kwenye kuchimba ua wangu?"

"Lete kijiko kingine unisaidie, acha kuhesabu mashimo."

Akaleta. Nilikuwepo, niliona mwenyewe. Asubuhi yake Dada alinipigia simu akasema neno moja tu, "Inageuka," akakata. Hata hivyo uani ni uani. Kuna ukuta, na kitanda kiko hatua kumi. Tulikuwa bado na hofu.

Majaribio ya pili sikuweza kukaa nyumbani. Kulipopambazuka nilipanda baiskeli hadi uwanjani. Nilikuta mahema yote yameshakunjwa, watu wanakunywa chai, mabegi yamepangwa mstari kando ya mizani. Hema moja tu lilikuwa limesimama, na Kipimo yuko mbele yake na daftari. Nilijua ni la nani.

"Anaumwa?" nikauliza.

"Sijui," akasema Kipimo. "Nimepiga filimbi mara mbili. Mwamshe wewe, ni ndugu yako."

Nikainama kwenye mlango wa hema. "Dada," nikasema.

"Ndugu yangu," akasema Kipimo, "hapo unamwita au unamwombea?"

Wakacheka. Nikavuta pumzi nikaita kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Ndani ukasikika mkoromo mmoja, halafu sauti ya Dada, nzito kwa usingizi.

"Nani huyo anapita kwenye sakafu yangu mbichi?"

Muuguzi mmoja alimwaga chai kwa kucheka. Dada akatoka kwa magoti, nywele zimelala upande mmoja, akasimama. Kipimo hakumpa hata nafasi ya kunawa uso.

"Angalia kulia."

Akaangalia kulia, kichwa peke yake, mabega yametulia.

"Kushoto. Juu. Sasa niangalie viatu vyangu."

"Nimeviona, Mwalimu. Cha kulia kamba imefunguka."

Kipimo akainama kutazama, na ni kweli ilikuwa imefunguka. Alipoinuka alikuwa anajizuia kutabasamu. Akapima begi: kilo nane na nusu, mto ukiwa ndani. Akafungua daftari akaandika, na Dada akanyoosha shingo kusoma kilichoandikwa, ile shingo ikaenda kama ya twiga.

"Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi," Kipimo akasema. "Ukichelewa kuamka tunakuacha."

"Hapo sasa umesema. Nitamwambia mume wangu anipigie sufuria sikioni."

Jumamosi tulikwenda kumsindikiza, mimi, mke wangu na Shemeji. Shemeji alimfunga kamba za begi mwenyewe, akazilegeza, akazifunga tena. Dada alikuwa anatoa maagizo bila kupumua: dawa ya mbu iko juu ya kabati, mjukuu asipewe soda, wifi amwangalie Shemeji asile mkate siku zote sita, na mimi nipite jioni nifunge kuku. Kipimo akapiga filimbi. Dada akawa wa pili kwenye mstari, nyuma ya Kipimo mwenyewe. Walipofika pale njia inapoanza kupanda, akageuza kichwa, kichwa tu, miguu ikiendelea na safari, akapaza sauti:

"Na banda mlifunge kwa komeo la chini, la juu limevunjika!"

Shemeji akamjibu kwamba amesikia. Akabaki amesimama anawatazama hadi begi la mwisho likapotea nyuma ya mwamba, kisha akaniambia twende, maana hajawahi kupika chai ya watu watatu na angependa mtu wa kumshauri.